Kijiko cha Papa Chomba na Mkebe Usioandikwa

Alhamisi hii, tarehe 31 Julai 2025, Papa Chomba Symphorien anavua koti lake jeupe baada ya miaka thelathini na sita kamili katika maabara yetu ya vimeng'enya, hapa barabara ya Kipushi. Alilivaa mara ya kwanza tarehe 1 Agosti 1989. Si koti lile lile, jamani. Manne yalichakaa, na hili la tano lina mfuko ulioshonwa kwa uzi wa buluu. Lakini katika makoti yote matano, ndani ya mfuko, kulikuwa na kijiko kimoja cha chuma. Tutafika kwenye kijiko.

Wakubwa wa kazi waliniomba mimi, Mama Abigaël, ninayeosha vyombo vya maabara, niandike wasifu huu. Niliwaambia shule yangu iliishia darasa la sita. Profesa Désiré, mkuu wetu, akacheka: «Andika tu, Mama Abi. Weye njo unajua ile mambo ya mukebe kupita siye bote.» Basi naandika, na makosa yakionekana mumuulize yeye.

Papa Chomba alizaliwa Kipushi. Baba yake alichimba zinki, mama yake aliuza munkoyo karibu na lango la mgodi. Kwa mgeni atakayesoma: munkoyo ni kinywaji cha uji wa mahindi. Unapika uji mzito, unauacha upoe kidogo, unatia mizizi iliyopondwa ya mmea wa porini, na uji unalegea wenyewe, unakuwa mwepesi na mtamu bila sukari. Siku alipokuja kuomba kazi, wakubwa waliwauliza waombaji wote kimeng'enya ni nini. Vijana waliomtangulia walikuwa wamekariri kitabu. Yeye akasema: «Ni ile kintu iko mu muzizi ya munkoyo. Inakata uji vipande vipande mupaka uji inashindwa kusimama.» Akaanza kazi kesho yake.

Miaka miwili baadaye nchi ikavurugika. Mwaka 1991, watu walipokuwa wanapora maduka na ofisi mjini, Papa Chomba alifunga mizani ya maabara ndani ya godoro, akalifunga godoro kwenye baiskeli, akashika njia ya Kipushi kwa mama yake. Alisimamishwa mara tatu. Kila mara alisema mke wake amemfukuza na hili godoro ndilo peke yake alilobahatika kutoka nalo. Walimhurumia. Mmoja hata alimsukumia baiskeli kwenye mwinuko akimpa mashauri ya ndoa. Mke wake, Mama Mado, ambaye siku hiyo alikuwa nyumbani anamwekea chakula, mpaka leo hajaisamehe hadithi hiyo. Mizani ilirudi mwaka 1994, haikukosa hata jiwe moja la kupimia.

Ikaja miaka ambayo washirika wa nje walikwenda zao, wanafunzi wakatawanyika, na milango mingi ya kituo chetu cha utafiti ikafungwa kwa minyororo. Papa Chomba aliendelea kuja kila Jumatatu, akafungua madirisha na kuandika joto la chumba katika daftari. Madaftari hayo yako kumi na tisa. Profesa aliwahi kumuuliza yalifaa nini, joto la chumba kisicho na kazi. Akajibu: «Ni juu labo isisahau kama iko na mwenyewe.» Yaani, ili maabara isisahau kwamba ina mwenyewe.

Mwaka 2019 mambo yakafufuka. Kituo kilipata shule ya udaktari, ule wa tasnifu, si wa sindano, ya kutengeneza vimeng'enya kwa ajili ya viwanda safi. Nitaeleza jinsi nilivyoelezwa nikiwa nasugua chupa. Viwanda vya siropu, vya gundi ya makatoni na vya vitambaa vinakata wanga kwa asidi na moto mwingi, kisha maji machafu yanaishia mtoni. Kimeng'enya kinafanya kazi hiyo hiyo bila asidi. Shida yake ni kwamba kinaogopa moto. Kila mama wa munkoyo anajua hilo: ukitia mizizi uji ukiwa bado unachemka, umeharibu mizizi yako. Kwa hiyo wanafunzi walikuwa wanakibadilisha kimeng'enya kidogo kidogo ndani ya bakteria, wanajaribu na kujaribu tena, ili wapate kinachovumilia moto wa kiwandani.

Wanafunzi walikuwa sita. Maprofesa waliwafundisha kichwa, Papa Chomba aliwafundisha mikono. Aliwaonyesha kutia tone moja kwenye kichupa kama mama anavyomtia mtoto dawa ya macho, bila kushtua. Akawapa sheria zake mbili.

Sheria ya kwanza ilikuwa ya kijiko. Mashine za kupimia zipo, alisema, lakini kwanza pika uji mzito, simamisha kijiko katikati, tia kimeng'enya chako, tazama saa. Kijiko kikianguka, kimeng'enya ni kizima. Kikisimama, rudi mezani. «Mashine inaweza kuzimika,» aliwaambia, «lakini kijiko haikatikake moto.» Moto, kwetu, ni umeme pia.

Sheria ya pili ilikuwa ya vifuniko. Jina linaandikwa kwenye mwili wa chombo, haliandikwi kwenye kifuniko. Aliyeandika kwenye kifuniko peke yake aliosha vyombo wiki nzima, hata kama baba yake ni mbunge. «Kifuniko iko na miguu,» alisema. «Inatembea. Mwili njo inabakia.» Kila mmoja wetu anaweza kumwiga akisema hivyo, na ule mkono wake kiunoni.

Siku ya ufunguzi wa shule ile aliwaahidi wanafunzi jambo moja: hatarudisha funguo kabla hajaona daktari mmoja wa shule hiyo akitoka mlango wa kituo. Watu walipiga makofi. Hakuna aliyejua ahadi ile itakuja kutukaba sote kooni.

Mwaka huu, mwezi wa kwanza, kila kitu kilianguka pamoja. Msaada wa nje uliokuwa unabeba shule ya udaktari ulikatwa kwa barua moja fupi. Wanafunzi wanne walikwishaondoka, mmoja baada ya mwingine, na wa tano akapata kazi mgodini Kambove. Akabaki Mbambu, dada mpole wa kutoka Lubero, Kivu ya Kaskazini. Vita vilikuwa vimefika kwao. Wazazi wake walikimbia, na kwa wiki nyingi hakujua wako wapi. Alikuja kazini hivyo hivyo, simu ikiwa wazi juu ya meza. Chuo kikuu kilimwambia tasnifu yake itetewe kabla ya katikati ya Julai, kwa sababu baada ya hapo shule ingefungwa kabisa na karatasi zake zisingekuwa na mahali pa kwenda.

Alikuwa karibu kufika. Bakteria wake aliyempa jina Namba 48 alikuwa anatoa kimeng'enya kinachokata uji wa moto sana, nyuzi themanini, bila kufa. Kilichobaki kilikuwa kurudia vipimo mara tatu na kuandika. Namba 48 alilala katika kongelateri, ile friji kubwa ya kugandisha. Hakuwa mahali pengine popote duniani.

Tarehe 3 Februari transfoma ya mtaa ikaungua. Jenereta lilikuwepo, mafuta yake ndiyo yaliyokatwa pamoja na ule msaada. Siku ya pili Papa Chomba alifungua kongelateri, akagusa maji yaliyoanza kuchuruzika, akafunga tena. Kisha akafanya alichofanya mwaka 1991: akaficha kitu cha maabara ndani ya kitu cha nyumbani. Alidondosha matone ya Namba 48 kwenye vipande kumi na kimoja vya karatasi ya kuchujia, akavikausha, akavitia ndani ya bahasha. Bakteria wa aina hii akikauka anajikunja kama mbegu ambayo hata uji unaochemka hauiui, anangoja. Alikaanga unga wa mahindi juu ya mbabula, lile jiko la makaa, makaa yakiwa machache, mpaka ukakauka kabisa usiwe na unyevu. Akaweka bahasha ndani ya mkebe wa maziwa ya unga, chini kabisa, akamwaga ule unga juu yake, akafunika. Siku ya tisa umeme uliporudi, vichupa vya kongelateri vilikuwa vimeharibika vyote. Mbambu hakulia. Alisema: «Papa eko na karatasi.»

Papa akashusha mkebe wenye 48 juu ya kifuniko. Akamwaga unga kwenye sinia. Bahasha haikuwemo. Wakachekecha unga kwa kichujio cha chai, wakapekua rafu, wakapekua takataka. Hakuna. Papa aliapa kwamba aliandika namba kwenye mwili wa mkebe pia, kama anavyofanya siku zote, na mwili ule ulikuwa mtupu. Basi macho yakanigeukia mimi, maana Jumamosi iliyotangulia maji ya bomba yalikuwa yametoka, nami nikaosha kila kitu kilichokuwa juu ya rafu. Walisema nimesugua maandishi. Walisema labda nilimwaga. Mimi niliapa sikuona bahasha yoyote, na ilikuwa kweli.

Zile siku sipendi kuzikumbuka. Mbambu alikaa kwenye ngazi ya nyuma, mikono mapajani. Nilitaka kwenda kukaa karibu naye, nikarudi kwenye beseni langu. Papa Chomba aliacha hata kutaniana na mlinzi.

Jumatatu moja, nikiwa naosha vyombo na binti yangu Abigaël mgongoni, nilianza kulalamika tu, ili kimya kisinimalize. Nilikuwa nimegombana sokoni na Mama Mwape, anayeniuzia unga. Nilimwambia unga wake umeoza, una harufu ya kuungua, na uji wa mtoto haukai uji. Naye alinipigia kelele mbele ya watu: «Bunga yangu! Weye njo haujue kupika, mama! Unatia mayi kama unaosha nguo!» Nikamsimulia Papa Chomba nikitegemea acheke.

Hakucheka. Chupa aliyoishika aliiweka chini polepole.

«Uji inakuwa namna gani?»

«Inakuwa mayi, Papa. Napika asubui, iko muzito muzuri. Natia mu temosi ya chai. Saa sita nafungua, mayi. Na inakuwa tamu, sijatia sukari.»

«Mu temosi? Ingali ya moto?»

«Ya moto, inachoma mukono.»

Swali lililofuata halikuhusu Namba 48. Aliuliza: «Mutoto anakunywa?» Nikasema anakunywa. «Tumbo yake?» Nikasema haina shida. Alimtoa Abi mgongoni kwangu kwa mikono yake mwenyewe, akatazama macho, ulimi, ngozi, na huyo mtoto akamshika pua. Tulitoka hivyo, yeye na koti lake jeupe, juu ya pikipiki moja mpaka zahanati. Njia nzima alikuwa anasema «Mungu, Mungu» mgongoni mwa dereva. Mwuguzi alimpima Abi, akamweka kwenye mizani, akauliza kwa nini tumemleta mtoto mnono namna hii. Bakteria wa aina hiyo hana ubaya tumboni, alisema daktari wa zahanati baadaye, ila tusirudie. Papa Chomba aliketi kwenye benchi la zahanati, akafuta uso kwa kofia. Sijawahi kumwona mtu mzima anapumua kwa nguvu kiasi kile.

Kutoka hapo tukaenda kwangu, mtaa wa Katuba. Mkebe ulikuwa chini ya kitanda. Juu ya kifuniko palikuwa na herufi tatu nilizoziandika mimi: ABI. Maana mimi pia nilikuwa na mkebe kama ule pale kazini, wa unga wa mtoto, na mimi pia niliandika kwenye kifuniko. Jumamosi ile niliosha vifuniko vyote katika beseni moja, nikavirudisha. Jioni Abi alipata homa, nikabeba mkebe wenye jina lake, nikaenda nyumbani. Mkebe wa Abi wenyewe, kumbe, ulibaki kwenye rafu umevaa kofia ya 48.

Papa aliuzungusha mkebe mara tatu mbele ya dirisha. Mwilini hapakuwa na alama, wala mkwaruzo wa wino. Sikusugua chochote. Siku ile ya haraka, baada ya miaka thelathini na mitano ya kuwakaripia wengine, yeye mwenyewe aliandika kwenye kifuniko peke yake. «Chomba,» alijiambia, «weye Chomba.» Kisha akatia mkono ndani ya unga hadi kiwiko, akaleta bahasha. Kona moja ilikuwa imepasuka, ndipo vumbi la karatasi lilipotokea, likaingia kwenye unga na kwenye uji wa Abi. Vipande vilikuwa kumi na kimoja. Tulivihesabu juu ya kitanda changu, Abi akitaka kula cha kumi na moja.

Kesho yake palikuwa na mkutano. Baadhi walitaka niondoke kazini, kwa kubeba mkebe wa maabara na kuhatarisha mtoto. Papa Chomba alisimama, mkono kiunoni, lakini safari hii sauti ilikuwa chini. «Haiko huyu mama alikosa. Miye njo nilikosa. Sheria ni yangu, na miye njo niliivunja. Muandike vile mu ripoti, na jina yangu yote.» Kisha akaenda jikoni, akafunga aproni, akaosha vyombo wiki nzima. Mimi nilikaa kwenye kiti changu na kumwonyesha sehemu alizoacha chafu. Nilimwonyesha nyingi.

Jambo moja alilidai katika mkutano huo, nalo alilipata: chakula cha mtoto kisikae tena karibu na maabara. Kile chumba kidogo cha nyuma kilichokuwa na viti vibovu leo kina mkeka, jiko dogo na rafu ya wamama peke yao. Watoto watatu wanalala humo mchana. Katika miaka thelathini na sita, mimi nasema hiyo nayo ni kazi kubwa.

Mbambu alitia kipande kimoja cha karatasi kwenye supu ambamo bakteria wanalishwa. Asubuhi iliyofuata supu ilikuwa na ukungu mweupe: Namba 48 ameamka. Wakapika uji mzito, nyuzi themanini, Papa akasimamisha kijiko. Sote tulizunguka sufuria, Profesa pamoja na mlinzi. Dakika ya sita kijiko kikainama, kikalala ubavu. Hapo ndipo Mbambu alilia, na sisi tukapiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa.

Alirudia vipimo vyake vyote kwa miezi minne. Wakati huo huo ile simu yake iliyokaa wazi mezani iliita: wazazi wake walikuwa wamefika Butembo, wazima. Tarehe 11 Julai alitetea tasnifu yake katika ukumbi wa chini, siku nne kabla ya mlango kufungwa. Wazazi walisikiliza kwa simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya maji. Mmoja wa majaji, aliyekuwa kwenye skrini kutoka mbali, aliuliza ana ushahidi gani kwamba bakteria wake anakaa bila umeme. Mbambu akageuka, akatazama kiti cha mwisho nyuma. Papa Chomba alikuwa amekaa pale, amevaa tai ya harusi yake, ncha ya kijiko ikitokeza mfukoni. «Nina ushahidi,» alisema Mbambu, na akaeleza yote, mkebe, temosi, uji wa Abi. Majaji walicheka, kisha wakaandika. Alitoka mlango ule akiwa Daktari Mbambu. Wa kwanza wetu.

Siku tatu baadaye Papa Chomba aliweka funguo mezani kwa Profesa. Zote zilikuwa kumi na mbili, na ya kumi na mbili hakuna anayejua inafungua nini. Profesa amempa Daktari Mbambu azitunze, maana kuna kiwanda kidogo cha siropu ya mahindi hapa mjini kinachotaka kujaribu Namba 48 badala ya asidi, naye Mbambu ameamua kubaki. Hatujui mwaka ujao utaleta nini. Lakini mlango uko wazi na kuna mtu ndani, na kwa mwaka kama huu tunashukuru mno.

Papa Chomba, asante kwa mizani ndani ya godoro. Asante kwa Jumatatu zote. Asante kwa siku uliyouliza habari za mtoto kwanza, na mkebe baadaye. Hiyo nitamsimulia Abi akikua. Rudi Kipushi, umsaidie Mama Mado kupanda mahindi, uombe msamaha wa lile godoro, ulale mchana bila kutazama kipimajoto. Sisi sote hapa tunakuombea siku ndefu, nyepesi na tamu, zisizohitaji sukari.

Kuna zawadi mezani. Ni mkebe wa maziwa ya unga, mpya, na ndani yake Daktari Mbambu ameweka chupa ya siropu ya kwanza iliyotoka kwa Namba 48. Walinipa mimi kalamu ya wino mzito niandike jina. Nimeandika polepole, nikarudia herufi mara mbili ili zisifutike: Papa Chomba Symphorien, 1989 mpaka 2025. Nimeandika mwilini. Kifuniko tumekiacha kitupu, kitembee kinapotaka.